Barafu Katika Anga la Joto

Ndege ndogo inapoanguka, taarifa ya kwanza inayowafikia wananchi huwa fupi, na mara nyingi huwa na maneno yale yale: injini ilizimika ghafla, rubani akajaribu kutua kwa dharura. Hufuata salamu za rambirambi na ahadi kwamba uchunguzi unaendelea. Miezi hupita. Uchunguzi ukikamilika hutiwa katika jalada, jalada hutiwa katika kabati, na wale waliosoma taarifa ya kwanza hubaki na neno moja tu, nalo ni "ghafla". Neno hilo linastahili kuhojiwa, kwa kuwa ipo aina moja ya ajali hizo ambayo haina hata chembe ya ughafla ndani yake.

Aina hiyo ni ile inayoletwa na barafu inayojijenga ndani ya injini yenyewe, hasa katika kabureta. Hapa haizungumzwi barafu inayoganda juu ya mabawa katika majira ya baridi ya Ulaya, ambayo kila mtu anaweza kuiona kwa macho. Inazungumzwa barafu iliyojificha, ambayo huweza kuota katika koo la kabureta wakati mbingu ni nyeupe, jua linawaka, na rubani amekunja mikono ya shati kwa joto.

Mtu aliyezaliwa Lindi au Mombasa akiambiwa hivyo ana haki ya kucheka. Barafu yeye ameiona katika bilauri, au kwa mbali juu ya kilele cha Kilimanjaro. Lakini mtu huyo huyo nyumbani kwake ana mtungi wa udongo, na anajua kwamba maji ya mtungini huwa baridi hata mchana wa Februari. Maji hupenya polepole katika vitundu vya udongo, hufika nje, hugeuka mvuke, na katika kugeuka huko huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Vivyo hivyo mgonjwa aliyepakwa spiriti mkononi kabla ya sindano huhisi baridi kali kwa nukta chache, ingawa chumba cha zahanati ni cha moto kama tanuri. Kimiminika kinachogeuka mvuke hudai joto, na hulichukua popote kinapolikuta.

Kabureta hufanya kazi hiyo hiyo kwa haraka kubwa. Hewa huvutwa kutoka nje na kupitishwa katika sehemu iliyobanwa. Hapo hukimbia kwa kasi, mgandamizo wake hupungua, nayo hupoa. Papo hapo petroli hunyunyizwa ndani yake, ikageuka mvuke na kuzidi kuipoza. Kwa pamoja mambo hayo mawili huweza kushusha joto la hewa kwa nyuzi 20, au 30, au hata zaidi za Sentigredi. Hewa iliyoingia ikiwa na nyuzi 20 huweza kufika katika koo la kabureta ikiwa chini ya kiwango cha maji kuganda. Ikiwa hewa hiyo ilibeba unyevu mwingi, unyevu huo hugeuka barafu, na barafu hushika pale pale penye valvu inayofungua na kufunga njia ya injini. Njia huwa nyembamba. Injini huanza kukosa pumzi.

Kwa hiyo adui mkubwa si baridi, bali ni unyevu. Baridi kali sana, kwa hakika, ina nafuu, kwa sababu hewa ya baridi kali huwa kavu. Wakuu wa usafiri wa anga wa Marekani huwafundisha marubani wao kwamba hatari huwa kubwa zaidi joto la nje likiwa chini ya nyuzi 21 na unyevu ukizidi asilimia 80, lakini huongeza kwamba barafu huweza kutokea hata joto likifika nyuzi 38 na unyevu ukiwa asilimia 50 tu. Mwalimu yeyote wa jiografia anaweza kuyapeleka maelezo hayo kwenye ramani ya Afrika Mashariki na kuona yanaangukia wapi. Joto la Dar es Salaam likiwa nyuzi 30 chini, na kwa kuwa hewa hupoa kwa takriban nyuzi mbili kila futi 1,000 za kupanda, ndege iliyo futi 5,000 juu ya pwani hiyo inaruka katika hewa ya nyuzi 20 iliyojaa unyevu wa bahari. Nairobi, ambayo kiwanja chake cha Wilson kiko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, asubuhi za Julai huamka chini ya mawingu mazito, baridi na rasharasha. Hali kadhalika kandokando ya Ziwa Victoria, na katika nyanda za juu za Mbeya na Iringa wakati wa masika. Hizi ndizo hali zinazotajwa katika onyo hilo. Hazikosekani kwetu, tunaishi ndani yake.

Katika kumbukumbu za urubani jambo hili lina umri mkubwa. Mei 1927, Charles Lindbergh alipokuwa akiisafirisha ndege yake mpya kutoka San Diego kwenda St. Louis, injini ilianza kukohoa usiku juu ya milima ya Arizona. Kabureta ilishukiwa kushikwa na barafu. Alipofika New York kifaa cha kupasha moto hewa ya kabureta kilifungwa, na siku chache baadaye, Mei 20, aliondoka kuvuka Atlantiki, akafika Paris baada ya saa 33 na nusu. Dunia nzima inalijua jina la mtu huyo na jina la ndege yake. Kile kifaa kidogo kilichofungwa New York hakitajwi katika sherehe yoyote.

Miaka tisa baadaye alikuja mtu aliyelelewa katika anga letu hili. Beryl Markham aliletwa Kenya akiwa mtoto wa miaka minne, akakulia Njoro katika shamba la baba yake, na akajifunza urubani juu ya mbuga za Kenya. Alikuwa binti wa walowezi, na ardhi aliyoichezea haikuwa ya baba yake kwa haki, lakini ushujaa wake hewani haukatiwi shaka. Septemba 4, 1936, aliruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, kuelekea New York, akikabiliana na upepo wa magharibi. Baada ya zaidi ya saa 20 hewani injini ilinyimwa mafuta. Inaelezwa kwamba matundu ya kupumulia ya tangi yalikuwa yamezibwa na barafu, na tangi lisilopumua halitoi mafuta hata likiwa na akiba. Ndege iliangukia pua katika tope la Cape Breton, nchini Kanada. Aliumia kichwa, akanusurika, na akaishi hadi 1986, alipofariki Nairobi. Kilichomwangusha hakikuwa dhoruba wala uchovu. Kilikuwa kitundu kilichozibwa.

Dawa ya barafu ya kabureta imejulikana tangu enzi hizo, nayo ni rahisi mno. Katika chumba cha rubani kuna kishikio ambacho kikivutwa huzuia hewa baridi ya nje na kuingiza hewa iliyopashwa moto kwa kupita kandokando ya bomba la moshi. Barafu huyeyuka, njia hufunguka, safari huendelea. Mtu ambaye hajawahi kurusha ndege atauliza, na swali lake ni la haki: ikiwa dawa iko umbali wa mkono, watu wanakufaje?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, na ndipo wengi wanapopita haraka. Kwanza, ugonjwa huingia kwa upole. Katika ndege ndogo ya kawaida, dalili ya mwanzo ni kupungua kidogo kwa mizunguko ya injini. Rubani asiyeshituka husukuma mkono wa mafuta mbele kidogo, mizunguko hurudi, naye huendelea kuangalia ramani. Baada ya dakika kadhaa hurudia tena. Kila mara anapofanya hivyo anaificha dalili kwa mkono wake mwenyewe, na barafu inapata muda wa kukua.

Pili, dawa yenyewe inapotiwa humzidishia mgonjwa maumivu kabla ya kumponya. Hewa ya moto ni nyepesi, hivyo nguvu ya injini hupungua papo hapo. Kisha barafu huanza kuyeyuka, na maji yake hupita ndani ya injini inayowaka. Injini hutetemeka, hukohoa, hupiga kelele za kutisha. Hali hiyo huweza kudumu nusu dakika, na pengine dakika kadhaa. Rubani kijana, peke yake, juu ya msitu au maji, amevuta kishikio ili kuiponya injini na injini inazidi kuugua. Mkono wake unamwambia akirudishe. Akikirudisha, amejitia kitanzi, kwa sababu barafu iliyokuwa ikiyeyuka hushika tena. Na tatu, joto la dawa hiyo linatoka katika injini yenyewe. Injini ikishazimika, bomba la moshi hupoa, na kishikio hubaki kipande cha chuma kisicho na faida. Asiyeitumia dawa mapema hana dawa tena.

Liko pia jambo la kushuka. Ndege inapoanza kuteremka kuelekea kiwanjani, rubani hupunguza nguvu, valvu ya kabureta hukaribia kufunga, na mwanya unaobaki huwa mdogo kiasi kwamba barafu kidogo tu huuziba. Injini nayo hutoa joto dogo. Rubani haoni tofauti yoyote, kwa kuwa hahitaji nguvu wakati huo. Anakuja kuitambua karibu na ardhi, anapoitaka nguvu ili afike uwanjani, na nguvu haipo. Ndiyo maana marubani wengi hufundishwa kuivuta hewa ya moto kabla ya kupunguza nguvu, hata kama hawaoni dalili. Katika kurasa za kitabu maelekezo hayo yanaonekana kama utaratibu mkavu wa kiofisi, lakini kila neno lake limelipiwa na mtu.

Kwa Marekani hesabu zipo. Bodi ya usalama wa usafiri ya nchi hiyo ilieleza kwamba kati ya mwaka 2000 na 2011 barafu ya kabureta ilikuwa chanzo, au sehemu ya chanzo, cha ajali takriban 250, na kwamba kwa wastani ajali mbili kila mwaka ziliua. Hiyo ni nchi yenye vyuo vingi, vitabu vingi, na wakaguzi wengi, na ni zaidi ya miaka 70 tangu safari ya Lindbergh. Ikiwa huko maarifa yaliyokwisha kuandikwa bado huwapotea watu namna hiyo, nani atathubutu kusema kwamba penye vyuo vichache hali ni salama zaidi?

Ugumu mwingine ni kwamba ushahidi wa ajali hizi hauna subira. Bomba lililopasuka hubaki limepasuka, na waya uliokatika husubiri wachunguzi, lakini barafu huyeyuka. Wachunguzi wanapofika porini baada ya saa sita au siku mbili, hukuta injini nzima, yenye mafuta safi, isiyo na kasoro. Hulazimika kutazama vipimo vya hali ya hewa vya saa ile, kuangalia kishikio cha hewa ya moto kilikuwa wapi, na kuandika kwamba yaelekea ilikuwa barafu. Palipokosekana kituo cha kupima hali ya hewa karibu, hata hilo halisemeki. Ndipo lawama hupata makao mawili yaliyo mepesi: amri ya Mungu, au kosa la rubani, ambaye mara nyingi amekwisha zikwa na hawezi kujitetea.

Linganisha na yaliyofanyika London. Januari 17, 2008, ndege kubwa ya Boeing 777 ya Shirika la Ndege la Uingereza iliyotoka Beijing ilipoteza nguvu za injini zote mbili ikiwa karibu kabisa kutua Heathrow, ikaanguka kabla ya kufika njia ya kutulia. Watu 152 waliokuwamo wote walipona. Hapa pia barafu haikukutwa, kwa kuwa ilikwisha yeyuka. Lakini wachunguzi hawakuridhika. Mafuta yalipoozwa katika maabara, mabomba yakajengwa upya kwa majaribio, hata ikadhihirika kwamba chembe za maji, ambazo hazikosekani katika mafuta yoyote, ziliganda mabombani katika safari ndefu ya baridi, kisha zikabanduka na kuziba kifaa kinachopitisha mafuta kuelekea kwenye injini. Kifaa hicho kilibadilishwa. Hakuna ubishi kwamba kazi hiyo ilistahili. Lakini mwanafunzi wa urubani na mwalimu wake wanapoanguka na ndege ya viti viwili, nani huwajengea maabara? Kanuni ya kimataifa inayosimamia uchunguzi wa ajali za ndege, ambayo nchi zetu zimeikubali, inasema lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kugawa lawama. Kanuni hiyo haina kifungu kinachosema kwamba roho mbili ni chache.

Wapo watakaojibu kwamba mjadala huu umepitwa na wakati. Watasema ndege za turbini, kama zile za Caravan zinazobeba abiria kwenda visiwani na mbugani, hazina kabureta, na kwamba hata Cessna 172 zilizotengenezwa tangu miaka ya mwisho ya 1990 hupuliziwa mafuta moja kwa moja bila ya kabureta. Hayo ni kweli, na ni hatua njema. Hata hivyo ndege ndogo si shati. Cessna 152 ziliacha kutengenezwa mwaka 1985, na bado zinafundisha watu kuruka katika mabara yote. Ndege aina ya 172 zimetengenezwa tangu 1956, na za zamani bado zina kabureta zao. Helikopta ndogo nyingi za mafunzo nazo ni hivyo hivyo. Maana yake ni kwamba anayekabiliwa na hatari hii zaidi ni yule yule mwenye uzoefu mdogo zaidi, yaani mwanafunzi, na ndiye ambaye kesho atakabidhiwa ndege ya kubeba wagonjwa.

Aidha, si kila kabureta ina tabia moja. Katika injini nyingi za Lycoming, kabureta hufungwa chini ya sinia ya oili, hivyo hupata vuguvugu; katika baadhi ya injini za Continental, kama ile ya Cessna 150, haipati vuguvugu hilo, na hushikwa na barafu kwa wepesi zaidi. Rubani aliyezoea ya kwanza akihamia ya pili huhama na mazoea yake. Pale inaporuhusiwa kutumia petroli ya magari kwa sababu ile ya ndege ni adimu au ghali, hatari huongezeka tena, kwa kuwa petroli ya magari hugeuka mvuke kwa wepesi zaidi na hivyo hupoza zaidi.

Na asidhani mtu kwamba mazoea huwapotosha wadogo tu. Januari 13, 1982, ndege ya abiria aina ya Boeing 737 iliruka kutoka Washington katika theluji. Marubani walisoma orodha yao ya ukaguzi kama ilivyotakiwa, na walipofika kwenye kifaa cha kuzuia barafu ya injini, jibu likawa kwamba kimezimwa. Orodha ikaendelea. Barafu ilikuwa imeziba vipimio vya injini, saa zikaonyesha nguvu ambayo haikuwapo, na ndege ikaligonga daraja na kutumbukia mtoni. Watu 78 walikufa, wanne kati yao wakiwa darajani. Marubani hao walikuwa wamezoea safari za Florida, nchi ya jua. Jibu walilolitoa lilikuwa jibu la kila siku, nalo lilitoka mdomoni bila kupitia kichwani.

Basi, kama kuna vitabu vya mafunzo vinavyoitaja barafu katika sura ya majira ya baridi peke yake, vitabu hivyo havitufai bila ya kuongezewa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanzisha chuo cha marubani Soroti mwaka 1971, hoja ilikuwa kwamba marubani wa sehemu hizi wafunzwe katika hali ya sehemu hizi. Hoja hiyo ingali na nguvu. Mwanafunzi hatoshelezwi kwa kukariri kwamba kishikio kipo. Yampasa, akiwa na mwalimu kando yake na uwanja chini yake, avute kishikio hicho na kukiacha mpaka mwisho, ausikie mshindo wa injini inayokohoa, na ajifunze kuvumilia. Wenye ndege wanaweza kufunga kipimo cha joto la kabureta, ambacho si kifaa cha anasa. Wakaguzi wanaweza kukidai.

Watumishi wa serikali nao wamo, ingawa hawashiki usukani. Ofisa anayesafiri kikazi kwa ndege ndogo ya kukodi, akamsimamia rubani kwa saa mkononi kwa sababu mkutano unaanza saa nne, anajiingiza katika mambo asiyoyajua. Rubani anayesema kwamba atangoje mawingu yainuke, au kwamba ataijaribu injini mara ya pili kabla ya kuruka, hapaswi kutolewa maelezo kama mtu aliyechelewa kazini. Na mwalimu wa fizikia anayefundisha mvukizo kwa mfano wa nguo kwenye kamba anaweza kuongeza mfano wa kabureta. Katika darasa la vijana 40 huenda mmoja akaja kuwa fundi wa ndege, na mwingine akaja kuandika taarifa za ajali. Huyo wa pili, atakapoletewa habari kwamba injini ilizimika ghafla, atauliza hewa ya siku ile ilikuwa na unyevu kiasi gani, ndege ilikuwa ikipanda au ikishuka, na kishikio kilikutwa kimevutwa au kimerudishwa.